Ndoana Moja, Watu Wawili (Mathayo 17:24-27)



Somo letu la leo lina mistari minne tu, na wengi tunalipita haraka kwa sababu linahusu kodi. Naomba ufungue Biblia yako kabla ya kuendelea, maana hapa nitalisimulia kwa maneno yangu.

Wako Kafarnaumu. Watoza kodi ya hekalu wanamwendea Petro na kumuuliza kama Mwalimu wake analipa. Petro anajibu palepale: analipa. Kisha anaingia nyumbani, na kabla hajasema lolote Yesu anamtangulia kwa swali: wafalme wa dunia hutoza kodi watoto wao au wageni? Mwisho wa mazungumzo anamtuma ziwani na ndoana. Samaki wa kwanza atakayepanda, amfungue mdomo, atakuta sarafu. Aichukue, akalipe kwa ajili yao wote wawili.

Petro alikuwa mtu wa nyavu. Kila mara tunapowaona mitume wakivua ni nyavu, ni mashua, ni kundi la watu. Ndoana inatajwa mara hii moja tu katika Injili zote nne. Kodi yenyewe ilikuwa nusu shekeli kwa kila mwanaume (soma Kutoka 30:13), na sarafu ile ilitosha watu wawili kamili, bila chenji.

Mimi nilikuwa nimelisikia somo hili kanisani miaka yote bila kulijali. Lilikuja kunishika kwa sababu ya kitu ambacho mtanicheka: kaka yangu na mimi tunafunga nzi.

Sio nzi wa chooni. Ni chambo cha kuigiza, ndoana ndogo inayovalishwa uzi, sufi na manyoya ya jogoo mpaka samaki adhani ni mdudu. Ufundi huu ni wa zamani sana. Mwaka 1496 huko Uingereza kilichapishwa kitabu cha uvuvi wa ndoana chenye maelezo ya nzi 12 wa namna hii, na tangu zamani kimehusishwa na mtawa aitwaye Juliana Berners, ingawa wanahistoria wanabishana kama kweli ndiye aliyekiandika. Kilichonifurahisha ni mashauri yake: mvuvi asivue kwa tamaa, asivunje ua wa mtu, afunge geti alilolifungua, na akiwa peke yake kule mtoni autumie utulivu kusali. Huku kwetu Afrika Mashariki ufundi huu ulikuja na samaki. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliweka trauti kutoka Scotland katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, na hadi leo Kenya ina karakana ambazo watu hufunga nzi siku nzima kwa ajili ya wavuvi wa Ulaya na Marekani. Kaka yangu alifanya kazi kwenye karakana ya namna hiyo karibu miaka miwili kabla ya kurudi nyumbani Usa River. Alirudi na jiliwa dogo la mezani, mkasi mwembamba, na mgongo unaouma.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Mwaka juzi nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha vijana. Tulichanga fedha za hija, mimi nikazitunza kwenye simu. Machalii wenzangu wa Arusha mnajua mkeka ni nini. Nilianza na 2,000, nikashinda. Nikaweka 10,000, nikapoteza, nikasema nirudishe tu ile iliyopotea halafu basi. Ndani ya wiki tatu zilikuwa zimeondoka 240,000, na hakuna hata shilingi moja kati ya hizo iliyokuwa yangu.

Kaka alijua kwa sababu nilimwomba mkopo nikamdanganya, akaniuliza maswali mawili tu, uongo ukaisha. Kesho yake aliuza simu yake nzuri, akaongeza akiba yake, akanipa 240,000 mkononi. "Peleka leo." Nilipeleka. Hija ikafanyika, watu wakaimba kwenye basi, na hakuna aliyejua. Nilikwenda kuungama, na namshukuru Mungu kwa hilo. Ila nyumbani kaka hakunisemesha. Tulikula meza moja, shikamoo, marahaba, basi. Mimi nami nikawa namkwepa. Akiingia sebuleni nakumbuka nina kazi nje. Nadhani mtu uliyemkosea, akikulipia deni, kumtazama kunakuwa kugumu kuliko alipokuwa anakudai.

Ilienda hivyo wiki sita. Jioni moja umeme ulikatika, kaka akawasha taa ya chaji na kuweka jiliwa mezani. Nilikuwa napita kwenda nje kama kawaida yangu. Akasema bila kunyanyua kichwa, "Dogo, njoo unishikie huu unyoya."

Nikakaa.

Kazi yenyewe iko hivi. Ndoana inabanwa kwenye jiliwa, tundu lake likiangalia upande wako wa kulia. Unaanza kuzungusha uzi karibu na tundu, unarudi nyuma hadi mahali ndoana inapoanza kupinda. Hapo unafunga nyuzi chache za unyoya ziwe mkia. Mwili ni sufi. Sisi tunafumua sweta za mitumba tunazonunua soko la Tengeru, siku ya Jumatano au Jumamosi. Halafu unyoya wa shingo ya jogoo unafungwa kwa kikonyo chake, unazungushwa mara mbili au tatu ili nywele zake zisimame kama miguu ya mdudu. Unamaliza kwa fundo kichwani. Kosa la kila anayeanza ni kujaza kichwa mpaka uzi unaziba tundu, na nzi ambaye huwezi kumpitishia mshipi ni pambo tu. Wangu watano wa kwanza walikuwa mapambo. Ukikaza uzi sana unakatika, ukilegeza vyote vinafumuka. Taa ikiwa hafifu ni afadhali mmoja ashike na mwingine azungushe, na vichwa vyenu vinakaribiana sana, huwezi kuendelea kununa vizuri ukiwa unasikia mwenzio anavyopumua.

Hakunitajia fedha usiku ule. Alinieleza habari za uzi.

Nilipokuja kukutana tena na Mathayo 17 kwenye jumuiya, nilikwama pale Yesu anapomtangulia Petro. Petro ameingia ndani na jambo moyoni. Ameshajibu kwa niaba ya Bwana bila kumuuliza, na pengine anatafuta namna ya kulianza. Yesu hamwachi ahangaike, anaanza Yeye. Na tazama anavyolimaliza. Angeweza kutoa sarafu mfukoni mwa mtu yeyote, lakini anampa Petro kazi ya mikono, tena kazi anayoiweza, kwa chombo kidogo kuliko alichozoea. Kisha deni la wawili linalipwa kwa sarafu moja, lake na la Petro pamoja, ilhali ameshaeleza kwamba Yeye kama Mwana hakuwa anadaiwa kitu. Hapo ndipo nilipofunga Biblia nikatoka nje kidogo.

Wiki hii jaribu hili: soma mistari hiyo minne, halafu mfikirie mtu mmoja unayemkwepa. Usianze na hotuba. Tafuta kazi ndogo ya kufanya naye, hata kumenya ndizi. Na kama ni wewe uliyekosewa, kumbuka nani alianza kuongea ndani ya ile nyumba. Deni lenyewe lilipwe pia, tusidanganyane. Mimi namlipa kaka 20,000 kila mwezi. Nimeshalipa mara saba, bado 100,000. Na ninyi wenzangu wa kikundi tuliokuwa kwenye lile basi, ndiyo, ni fedha zenu. Mwenyekiti nilishamwambia wiki iliyopita. Mweka hazina mpya amechaguliwa, na fedha sasa zinahitaji watu wawili kuzitoa.

Jumamosi moja tulikwenda kwenye bwawa la babu mmoja anayefuga sato, ambaye hutuuzia kwa kilo tunachovua. Asubuhi Meru ulikuwa wazi hadi kileleni. Kurusha nzi si kama kurusha ndoana yenye risasi. Nzi hana uzito, mshipi wenyewe ndio mzito, kwa hiyo unaurusha nyuma kwanza, unasubiri unyooke wote, ndipo unauleta mbele. Ukiharakisha unapasuka kama mjeledi na nzi anabaki kwenye migomba. Migomba ya babu ina nzi wangu wengi. "Subiri," kaka alikuwa akisema nyuma yangu kila mara. "Subiri. Sasa."

Karibu saa nne mshipi ulikaza. Sato wa kiasi, kama kiganja na nusu. Nilimvuta hadi ukingoni, kaka akachuchumaa kunisaidia, akamshika, halafu akanitazama kwa uso mkavu kabisa.

"Hebu mfungue mdomo, dogo. Labda ameleta ile laki."

Nikamfungua. Palikuwa na nzi tu, yule wa sweta ya kahawia, amelowa. Babu akatoka kwenye migomba kuuliza kinachotuchekesha ni nini, na hakuna kati yetu aliyeweza kumjibu.