Ukarabati wa jiko na choo: anza na maji, marumaru baadaye

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo familia nyingi hulifanya mara moja tu katika maisha, na kwa sababu hiyo likikosewa watu huishi nalo miaka mingi. Jambo lenyewe ni ukarabati wa jiko, bafu na choo cha nyumbani.

Aghalabu pesa ikipatikana, iwe ya upatu, ya mavuno au iliyotumwa na mtoto aliyeko ng'ambo, safari ya kwanza huwa ni dukani kuchagua marumaru. Rangi hujadiliwa jioni nzima, baba anataka nyeupe na mama anataka ya maua. Lakini bomba la majitaka linaelekea wapi, karo liko umbali gani na kisima, moshi wa jiko utatokea wapi, hayo hayana mjadala. Anaachiwa fundi, na fundi naye anafuata alichokikuta.

Tunachotaka kusema leo ni kinyume cha utaratibu huo. Pesa ya kwanza iende kwenye vitu visivyoonekana, yaani mabomba, karo, hewa na mwinamo wa sakafu. Marumaru ni ya mwisho. Choo chenye sakafu ya saruji tupu na mabomba yaliyolazwa sawasawa kinailinda familia. Choo kinachong'aa huku shimo lake likivujia kwenye kisima kinaidhuru, na jirani pia.

Kwetu Waislamu suala hili lina uzito wa ziada. Tahara ni sharti la swala, na nyumba ambayo maji ya chooni humrukia mtu miguuni, au maji ya kuoga hutuama, humtia mtu wasiwasi mara tano kwa siku. Mpangilio mzuri huondoa maradhi na wasiwasi huo kwa pamoja.

1. Majitaka yanakwenda wapi?

Hili ndilo swali la kwanza. Katika Dar es Salaam na miji yetu mingine ya pwani, nyumba nyingi hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka ya mji. Zinategemea mashimo na makaro. Basi kabla ya kuvunja chochote, toka nje ujue karo lako liko wapi, lina ukubwa gani na linavuja upande upi.

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya ya mazingira ni kwamba shimo la choo liwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini. Tunajua kwamba kwenye viwanja vyetu vidogo mita 30 ni ndoto, kwani huenda ukavuka nyumba tatu. Lakini ukweli huo haufuti hatari. Ikiwa umbali haupatikani, maji ya kisima hicho yasinywewe wala kupikiwa. Tumia maji ya bomba au yaliyotibiwa, na ya kisima yabaki kwa kusafishia choo. Na upimapo, usipime kisima chako peke yake. Kisima cha jirani nacho kina haki.

Kama unajenga karo jipya, liwe la vyumba viwili. Chumba cha kwanza kisivuje, ili uchafu mzito utuame humo, na maji yaliyopungua uchafu ndiyo yapite kwenda kwenye shimo la kunyonya. Weka mfuniko unaofunguka, na njia ya kupitisha mpira wa gari la kunyonya majitaka. Wapo waliojenga chumba cha kupangisha juu ya karo. Karo likijaa hawana pa kulifungulia, na mwisho wake ni kusubiri mvua za masika na kutapisha choo usiku. Mipira ya watoto huchezewa kwenye maji hayohayo. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoa mingi ulitukumbusha jinsi kinyesi cha nyumba moja kinavyoweza kuingia kwenye kikombe cha nyumba nyingine.

Shimo lenye maji lina hatari nyingine, nayo ni mbu aina ya Culex, waenezao matende na busha. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, mashimo ya vyoo yenye maji yalimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, zikafunika uso wa maji, huku wananchi wakipewa dawa za kutibu ugonjwa. Mbu walipungua sana. Kwa nyumba yako, somo ni jepesi: kila tundu la karo lifunikwe, na bomba la kutolea hewa lipande juu ya paa na kufungwa wavu mdomoni.

2. Bomba lililopinda na mwinamo wa sakafu

Chini ya kila sinki, kila tundu la bafu na kila choo pawe na kipande cha bomba kilichopinda ambacho daima hubakiwa na maji kidogo, kiasi cha sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo mlango. Huzuia harufu, mende na mbu wa karo wasipande ndani. Ni ujuzi wa zamani. Fundi saa aitwaye Alexander Cumming alipewa hataza ya choo chenye bomba la namna hiyo huko London mwaka 1775. Fundi akikwambia hakuna haja, mwambie hiyo haja unayo wewe.

Bomba la majitaka la inchi 4 liinamishwe kiasi cha sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Likilala bapa, uchafu hubaki njiani. Na kila linapopiga kona weka chemba, ili likiziba lizibuliwe bila kuvunja sakafu. Sakafu ya bafu nayo iiname sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Maji hufuata mkondo, usipoyapa mkondo yatatuama.

3. Choo na bafu

Familia ikiwa kubwa na nafasi ipo, tenganisha choo na bafu kwa ukuta. Wakati wa alfajiri mmoja akioga, mwingine asizuiliwe. Nafasi ikiwa ni chumba kimoja, jenga kingo ya sentimita 10 hivi kati ya sehemu ya kuogea na ya haja, ili maji ya upande mmoja yasivuke kwenda wa pili.

Upande wa kuelekea. Hadithi iliyopokewa na Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) inakataza kuelekea kibla au kukipa mgongo wakati wa haja. Wanazuoni wamehitilafiana kama katazo hilo linaingia ndani ya majengo, lakini anayejenga upya hana sababu ya kujitia katika hitilafu hiyo. Kwa sisi wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja. Basi choo kielekee mashariki au magharibi. Walioko Mwanza au Kigoma, kibla chao huinama kutoka kaskazini kuelekea mashariki, hivyo wapime. Mwambie fundi mapema, kwani choo kikishafungwa kwa saruji hakigeuki.

Maji ya kustanjia. Bomba au ndoo ikae upande wa kulia wa anayetumia choo, ili amimine kwa mkono wa kulia na kujisafisha kwa wa kushoto bila kujipinda.

Choo cha kuvuta au cha kumwagia? Fanya hesabu kabla ya kununua. Nyumba ya watu 8, kila mmoja akiingia mara 5 kwa siku, ni mara 40. Choo cha kuvuta chenye tangi la lita 9 kitatumia lita 360 kwa siku. Cha kumwagia maji kwa kopo, lita 3 kila mara, ni lita 120. Tofauti ya lita 240 unailipia mara mbili: kwanza kwa anayekuuzia maji, kisha kwa gari la kunyonya karo. Ukipenda cha kuvuta, tafuta chenye tangi dogo au chenye vitufe viwili.

Wazee, wajawazito na watoto. Nyumba nyingi zina bibi au babu. Marumaru laini za ukutani zisiwekwe sakafuni, kwani zikilowa huteleza, na mzee akivunjika nyonga huenda asisimame tena. Chagua zenye mkwaruzo. Weka chuma cha kushikia ukutani, urefu wa sentimita 80 hadi 90, pembeni ya choo na bafuni. Usimlazimishe mzee kuinua mguu kwenye sinki ili kutawadha. Jenga kijikao kifupi, bomba la chini mbele yake na tundu la kupitishia maji. Pahala hapo pakiwa nje ya choo ni bora zaidi.

Umeme. Swichi ya hita ya maji ikae nje ya bafu, nyaya ziunganishwe na ardhi, na pawekwe kifaa kinachokata umeme wenyewe ukivuja. Hapa usimtumie fundi wa kubahatisha. Mtu aliyelowa mwili mzima hana kinga mbele ya umeme.

Mahali pa kunawia mikono kwa sabuni pawe hatua chache tu kutoka mlango wa choo. Likiwa mbali, watoto hawatafika.

4. Jiko

Kwa mama anayepika mara tatu kwa siku, adui wa kwanza jikoni ni moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Wanaoumia zaidi ni akina mama na watoto wachanga waliobebwa mgongoni. Jiko liwe na matundu mawili yanayotazamana, dirisha upande mmoja na dirisha au mlango upande wa pili, ili hewa ipite. Anayetumia kuni ajenge dohani inayopanda juu ya paa. Mkaa usiwashwe katika chumba kilichofungwa hata kama hautoi moshi, kwani hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Wanaohamia kwenye gesi wafahamu tabia yake. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutanda sakafuni. Kwa hiyo tundu la juu pekee halitoshi, weka na la chini, usawa wa sakafu. Mtungi usimame wima, ikiwezekana nje ya ukuta kwenye kibanda chenye matundu. Usiufungie ndani ya kabati. Jaribu maungio kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Ukisikia harufu usiguse swichi ya taa. Fungua mlango, funga mtungi, watoe watu nje.

Mlango wa choo usifungukie jikoni. Nzi hahitaji zaidi ya dakika moja kutoka huku kwenda kule. Weka kichanja cha vyombo mahali panapopigwa na jua, ubao wa kukatia nyama na samaki mbali na wa kachumbari, na pipa la taka lenye mfuniko. Tangi na mapipa ya maji yafunikwe barabara, kwa sababu mbu wa homa ya dengue, iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda maji safi yaliyohifadhiwa.

5. Mpangilio wa kazi na pesa

Gawa pesa kwa utaratibu huu: karo na mabomba kwanza, kisha sakafu na kuta zisizopitisha maji, kisha umeme na hewa, kisha choo na sinki, na marumaru mwisho. Tenga fungu la akiba kabla ya kuanza, maana ukuta ukivunjwa huonyesha mambo ambayo hayakuwemo kwenye hesabu. Pesa ikikatika, ikukute kwenye marumaru. Isikukute kwenye mabomba.

Kubaliana na fundi kwa maandishi, na mlipe kwa hatua. Kabla mabomba hayajafukiwa, yapigwe picha kwa simu na yajazwe maji kupimwa. Kabla ya marumaru, ziba tundu la bafu, jaza maji sakafuni na uyaache saa 24. Yakipungua sana au ukuta wa pili ukilowa, pana uvujaji. Fundi arekebishe kabla hujamlipa hatua hiyo. Ukihamisha karo au kuvunja ukuta unaobeba paa, pita kwanza serikali ya mtaa na kwa bwana afya wa kata.

Usisahau siku za ujenzi zenyewe. Choo kikivunjwa, familia itakwenda wapi? Zungumza na jirani mapema au jenga cha muda. Watoto wasiachwe wajisaidie uwanjani eti kwa wiki moja tu.

Kwa wapangaji, mengi kati ya haya yapo mikononi mwa mwenye nyumba. Lakini mfuniko wa karo, wavu wa bomba la hewa, sabuni mlangoni na tundu la hewa jikoni ni vitu vya gharama ndogo. Wapangaji wakikaa pamoja na kumwendea kwa adabu, wengi huvipata.

Basi ndugu msomaji, kabla ya kwenda dukani kesho, chukua kamba na futi, toka nje, upime kutoka karo lako hadi kisima chako, kisha hadi kisima cha jirani. Kipimo hicho ndicho kitakachokuambia ukarabati wako uanzie wapi.

Wabillahi tawfiq.