SOMO LA VITABU: MARIAM NA LAILA



Leo tunasoma roman ya Khaled Hosseini, mtu aliyezaliwa Kabul 1965, akapata kimbilio Marekani pamoja na jamaa yake 1980. Kitabu kilitoka 2007. Kwa Kifaransa kinaitwa Mille soleils splendides. Kinasimulia vita ya Afghanistan, lakini hatufuati askari. Tunakaa ndani ya nyumba moja na wanawake wawili.

Mariam ni mtoto wa nje ya ndoa. Ana miaka 15 tu wanapomwozesha kwa Rasheed, fundi wa viatu, mzee kwake. Mimba zinaharibika moja baada ya ingine, na bwana anaanza kumpiga. Laila ni binti ya mwalimu. Katika 1992, wapiganaji wanapogombania Kabul, roketi inaua wazazi wake. Rasheed anamtoa chini ya matofali, kisha anataka kumwoa, yeye wa miaka 14! Wengi wanamhukumu Laila haraka juu ya kukubali. Wasome vizuri: ana mimba ya Tariq, rafiki yake, na mtu amemwambia Tariq amekufa. Kumbe Rasheed ndiye alimlipa mtu yule adanganye.

Basi wanakuwa mbanda, kama tunavyosema huku, na Mariam anamchukia mgeni. Angalieni namna urafiki unaanza. Usiku mmoja Rasheed anakuja na mkanda kumpiga Mariam. Laila anamshika mkono. Nyuma ya pale, Laila anakuta mbele ya mlango wake nguo za mtoto, zimekunjwa vizuri. Mariam hakuandika neno. Halafu wanakunywa chai pamoja nje ya nyumba. Ni hivyo tu.

Wanajaribu kukimbia kwenda Pakistan. Mtu waliyemwamini anawatoa mikononi mwa askari, na Rasheed anawafungia bila maji. Taliban wanaingia Kabul 1996. Laila anapasuliwa ili azae, bila dawa ya kuzuia maumivu. Mwishowe Rasheed anamkaba Laila shingo, na Mariam anamuua kwa beleshi. Anakataa kukimbia nao, maana wangewafuata wote. Anabaki, anauawa.

Wasomaji wanakumbuka sana beleshi. Mimi naona nguo zile ni kubwa zaidi: siku ile Mariam alipata mtu wake.

Laila anarudi Kabul, anafundisha watoto yatima. Hapo kitabu kinaishia, lakini mambo ya inchi ile hayakuishia. Taliban walirudi 2021, wakawafungia wasichana masomo ya sekondari, ndiyo wasichana wa umri wenu.

Kwa juma lijalo, kila mmoja, wavulana pia, aandike ukurasa mmoja: Mariam alipobaki nyuma, alichagua mwenyewe, ao vita na ndoa vilikwisha kumchagulia? Toeni ushuhuda ndani ya kitabu, si maneno ya kusikia njiani.