SOMO LA SIKUKUU: TUOKE MKATE, TUTENGENEZE VICHEZEO, MTOTO AWE MBALI NA MOTO

Sikukuu zimekaribia. Katika kila nyumba ninayopita siku hizi naulizwa tutapika nini na watoto watavaa nini. La nguo sina jibu. La kupika ninalo, na nimeongeza la vichezeo, kwa sababu mambo haya mawili yanakwenda pamoja kuliko tunavyodhani.

Naanza na kwetu. Usiku wa kuamkia Noeli, miaka kadhaa iliyopita, mama alikuwa anakaanga mandazi kwenye mafiga nje ya nyumba. Sisi watoto tulikuwa sita na hatukuwa na kazi yoyote. Nani atakaa mbali na harufu ya mandazi? Mdogo wangu, wakati huo ana miaka minne, akaja kuchukua andazi, akashika sikio la karai, mafuta yakammwagikia mkono wa kulia. Jirani mmoja akasema apakwe dawa ya meno, mwingine akasema yai. Yai tulikuwa nalo moja tu, tulilolitunza kwa ajili ya keki. Tukalipasua mkononi mwake, tukamfunga kitambaa, na zahanati tukaenda asubuhi. Alipona, lakini vidole viwili vimeshikana mpaka leo, na kalamu anashika kwa mkono wa kushoto. Mama hapendi kuzungumza habari hii, lakini ameniruhusu niiandike.

Nilipofundishwa kazi ya afya ya jamii ndipo nilipoelewa kwamba usiku ule tulikosa vitu viwili ambavyo havinunuliwi: kazi ya kuwapa watoto mbali na moto, na maji yaliyowekwa tayari. Somo hili linahusu hivyo.

Mstari wa majivu

Kabla ya kuwasha moto, chukua majivu ya jana uchore duara kuzunguka jiko, hatua mbili au tatu za mtu mzima kutoka kwenye moto. Waambie watoto kwamba ndani ya duara anaingia mpishi peke yake. Mimi nimeona katika nyumba ninazotembelea kwamba watoto wenyewe ndio walinzi wakali. Mdogo akikanyaga majivu, wenzake wanapiga kelele. Upepo ukiyafuta, chora tena.

Weka dumu la lita 20 lenye maji safi karibu na mpishi, na kikombe juu yake. Maji haya yasiguswe kwa kazi nyingine hadi moto uzimwe. Najua foleni ya bomba ilivyo siku za sikukuu, kwa hiyo yatekwe siku moja kabla.

Mvua ikinyesha, na mwezi wa Desemba huku Kigoma inanyesha, usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga mlango. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuonya, na inaua watu waliolala.

Vichezeo vya kuwashughulisha

Sasa watoto wako nje ya mstari. Wafanye nini? Wape kazi yenye kuchukua muda mrefu kama mkate wenyewe.

Mpira kila mvulana anaujua, lakini wengi wanaufunga ovyo unafumuka siku hiyo hiyo. Anza na matambara yaliyokunjwa kwa nguvu mpaka yawe kama ngumi. Zungushia matambara mengine marefu, kila safari ukigeuza upande. Mwisho chukua kamba za mgomba ulizozilowesha kidogo, zungusha kwa mapande yote, kisha pitisha kamba ya mwisho juu na chini ya zile nyingine kama anayesuka kikapu. Kamba zikikauka zinakaza. Zamani tulitumia mifuko ya nailoni, lakini Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na hata hivyo mfuko ni hatari kwa mtoto mdogo anayejifunika nao usoni. Matambara ni bora.

Mwanasesere anashonwa kwa kipande cha kitenge kilichochakaa na kujazwa nyuzi kavu za mgomba. Macho na mdomo ushone kwa uzi. Usiweke vifungo wala shanga kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu mtoto wa umri huo anapima kila kitu kwa mdomo. Ndiyo maana pia kayamba ya chupa yenye maharage ndani si ya mtoto mchanga, maana kifuniko kikifunguka maharage yanaishia kooni au puani. Likiingia puani au sikioni usilichokoe kwa kijiti. Njoo zahanati.

Kigari ndicho kinachopendwa zaidi. Mwili wake ni chupa tupu ya maji, ekseli ni vijiti viwili vilivyonyooka, magurudumu ni ndala iliyokatika. Kukata ndala na kutoboa chupa ni kazi ya baba au kaka mkubwa. Watoto wanaunganisha na kupamba. Dumu lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu lisitumike, hata likioshwa mara kumi. Makopo ya bati yaliyokatwa yana makali, na jeraha lake linaweza kuleta pepopunda. Betri nazo zisiwe vichezeo. Ile ndogo bapa kama kifungo ikimezwa inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili. Usingoje dalili, mkimbize mtoto hospitali.

Kwa wasichana na wavulana wanaopenda kupamba nyumba, kata karatasi za madaftari yaliyokwisha ziwe vipande virefu, fanya pete, unganisha pete na pete iwe mnyororo. Gundi ni vijiko viwili vya unga wa ngano au wa muhogo katika kikombe kimoja cha maji, ikorogwe na mtu mzima motoni hadi iwe nzito, kisha ipoe. Mnyororo usipite juu ya koroboi wala mshumaa. Nyumba zetu nyingine zina nyasi juu, na zimekaribiana.

Mkate wa ndizi wa sufuria mbili

Sikatazi mandazi, mimi mwenyewe nayapenda. Ila mafuta ya kukaangia yana joto linalozidi sana la maji yanayochemka, tena yanashika ngozi. Mkate unaokwa umefunikwa, na unaokoa mafuta ya mgawo. Huu hauhitaji yai.

Tafuta vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha unga wa mahindi uliochekechwa, ndizi mbivu tatu zilizolainika kabisa (zile zenye ganda jeusi ambazo sokoni huuzwa kwa bei ndogo), vijiko vitatu vikubwa vya sukari, vitatu vya mafuta, kijiko kikubwa kimoja cha hamira na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Nawa mikono kwa sabuni, na watakaokusaidia pia. Loweka hamira na kijiko kimoja cha ile sukari katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukichovya kidole husikii moto. Baada ya dakika kumi itoe povu. Isipotoa povu imekufa, usipoteze unga wako. Ponda ndizi, changanya na vitu vyote, koroga kwa mwiko mpaka upate rojo zito linaloanguka polepole. Likiwa gumu mno ongeza maji kidogo kidogo. Funika kwa kitambaa safi, acha karibu saa moja mpaka liumuke. Watoto wasilambe rojo, unga mbichi unaweza kuumiza tumbo.

Chukua sufuria kubwa, weka chini mchanga mkavu au vijiwe kama unene wa vidole viwili, funika, ipashe moto dakika kumi. Paka mafuta sufuria ndogo, mimina rojo lisizidi nusu, iweke juu ya mchanga. Funika sufuria kubwa kwa mfuniko bapa. Sasa punguza moto wa chini na uweke makaa juu ya mfuniko. Makaa ya kuni yanatosha. Kosa la wengi ni moto mkubwa chini, na mkate unaungua kitako huku katikati ni uji. Moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini. Baada ya dakika 40 hivi ondoa makaa kwa uangalifu, choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva.

Jambo moja wazazi wangu, nalisema kwa heshima. Unga wa lishe aliopewa mtoto aliye kwenye mpango wa lishe usitiwe humu. Ule ni wa kumponyesha yeye. Na mtoto wa chini ya miezi sita, sikukuu au si sikukuu, chakula chake ni maziwa ya mama tu.

Mtoto akiungua

Mwondoe kwenye moto. Papo hapo mwagia sehemu iliyoungua maji ya baridi, si ya barafu, kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, mtoto atalia, watu watakuambia inatosha. Endelea. Maji yakielekea kwisha, kinga beseni safi uyamwagie tena hayo hayo. Sehemu nyingine ya mwili mfunike asipate baridi. Vua bangili, shanga na nguo, ila nguo iliyogandamana na ngozi iache.

Usipake yai, dawa ya meno, mafuta, asali, unga wala majivu. Bibi mmoja wa kijiji chetu aliniuliza, "Mjukuu wangu, mbona sisi tulipakwa na tukapona?" Nikamwambia, "Bibi, mlipona kwa sababu kidonda kilikuwa kidogo. Kikiwa kikubwa, yai linafungia joto ndani na kuingiza vijidudu." Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kikavu, kisha mlete zahanati usiku huo huo akiwa ameungua uso, mkono, mguu, sehemu za siri au kiungo, au kidonda kikizidi kiganja chake. Mtoto mchanga aletwe kwa kidonda chochote. Kuja na kadi ya chanjo.

Mafuta yakishika moto kwenye karai usimwage maji. Funika kwa mfuniko, ondoa kuni.

Mkishamaliza kuoka, makaa yaliyotoka juu ya mfuniko msiyatupe uani yakiwa mekundu. Majivu yanayafunika, na watoto wanakimbiza mpira wao mpya bila viatu. Mwagia maji, koroga kwa kijiti, mwagia tena.