Kiyoyozi cha Gari Kikitoa Joto: Tafuta Chanzo Kabla ya Kujaza Gesi



Uko kwenye foleni, jua la Dar es Salaam au Mombasa linawaka, na AC inapuliza joto. Wengi hukimbilia kujaza gesi. Baridi hurudi siku hiyo hiyo, lakini baada ya wiki chache joto nalo hurudi, na fedha imeshakwenda. Kijitabu hiki kitakusaidia usilipie tatizo moja mara mbili.

Jambo la msingi ni hili: gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Gari la miaka mingi linaweza kupoteza gesi kidogo kidogo kupitia mipira na sili zake, lakini baridi ikipotea wiki au miezi michache tu baada ya kujaza, kuna mahali panavuja.

BARIDI INAPATIKANAJE?

Kompresa, ambayo kwenye magari mengi huzungushwa na mkanda wa injini, huigandamiza gesi mpaka inapata moto. Gesi hiyo huingia kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta, upepo huiondolea joto, nayo hugeuka kimiminika. Kimiminika kikipita kwenye valvu yenye tundu jembamba, presha yake hushuka ghafla. Kikifika kwenye evapereta, ndani ya dashibodi, huchemka kikiwa baridi na kunyonya joto la hewa inayopulizwa ndani ya gari. Hatua moja ikikwama, unapata joto, hata kama gesi imejaa.

CHUNGUZA MWENYEWE KWANZA

Egesha mahali pa wazi, vuta breki ya mkono na uwashe injini. Weka AC kwenye baridi ya mwisho, kisha linganisha unachokiona na dalili hizi:

• Hewa ni baridi lakini inatoka kidogo. Angalia filta ya hewa ya ndani. Kwenye magari mengi iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Ikijaa vumbi, ibadilishe.

• Baridi ipo ukiwa kwenye mwendo, lakini hupotea kwenye foleni. Shuku feni ya kondensa, au kondensa iliyozibwa na tope na wadudu. Zima injini, iache ipoe, kisha osha kondensa kwa maji yasiyo na presha kali.

• Kompresa haishiki kabisa. Kagua fyuzi, rilei na nyaya za klachi yake. Gesi ikipungua sana, swichi ya presha huizuia kompresa isiwake ili isiharibike. Kumbuka kwamba baadhi ya magari mapya yana kompresa zisizo na klachi, hivyo kutosikia mlio wa kushika si ushahidi wa ubovu.

• Kompresa inashika na kuachia upesi upesi. Mara nyingi gesi ni kidogo.

• Baridi huanza vizuri, kisha upepo unapungua, na ukizima AC kwa muda hali inarudi. Evapereta inaganda barafu.

• Alama za mafuta kwenye maungio ya mabomba. Oili ya kompresa husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo inapotokea oili, huenda gesi nayo inatokea hapo.

Maji yanayodondoka chini ya gari AC ikiwa imewashwa si ubovu. Ni unyevu wa hewa uliopozwa. Yakilowesha zulia ndani, bomba la kuyatoa limeziba.

KAZI NZURI YA FUNDI

Usifungue mabomba wala maungio mwenyewe. Gesi ya R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo ikikurukia inaweza kuunguza ngozi au jicho kwa baridi. Fundi mwenye ujuzi atafuata hatua hizi:

1. Kuunganisha geji mbili na kusoma presha ya chini na ya juu kompresa ikifanya kazi. Presha ya gari lililozimwa haionyeshi kiasi cha gesi kilichomo.

2. Kutafuta mvujo kwa povu la sabuni, kwa rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, au kwa kifaa cha kunusa gesi.

3. Kurekebisha palipovuja na kubadilisha chujio la kukausha unyevu endapo mfumo umefunguliwa.

4. Kunyonya hewa na unyevu kwa pampu, walau dakika 30, kisha kusubiri aone kama mfumo unashikilia.

5. Kupima gesi kwa mizani. Aina na kiasi, mara nyingi gramu mia kadhaa, huandikwa kwenye stika chini ya boneti, hata kwenye magari yaliyotoka Japani. Gesi ikizidi, baridi hupungua na kompresa huumia.

GESI NA USALAMA

Magari ya zamani yalitumia R-12, iliyodhibitiwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni. R-134a iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Ndiyo maana marekebisho ya mkataba huo yaliyokubaliwa Kigali mwaka 2016 yaliweka gesi za jamii hiyo katika orodha ya kupunguzwa. Magari mengi mapya hutumia R-1234yf. Usichanganye aina hizi, na usikubali kujaziwa gesi ya kupikia: hulipuka, na evapereta iko karibu na abiria.

MUULIZE FUNDI KABLA YA KULIPA

• Gesi imevujia wapi? Nionyeshe.
• Gesi iliyobaki utaitoa kwa mashine ya kuikusanya, au utaiachia hewani?
• Utajaza gesi ya aina gani, na gramu ngapi?

Asipoweza kukuonyesha palipovuja, usikubali kujaziwa. Tafuta fundi mwingine.