Mtoto Anatafuta Uso Wako

Andiko: Hesabu 6:24–26

Jumanne jioni nilikuwa nyumbani napiga hesabu kwenye simu. Kijana wangu wa miaka miwili akaniletea kifuniko cha soda. "Baba, ona!" Nikajibu "mm" bila kuinua macho. Akaniita mara tatu, kisha akaenda kukaa mlangoni peke yake. Nikajiambia, afadhali ametulia. Nilikosea.

Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wachanga. Mama alicheza na mtoto wake kama kawaida, kisha akamtazama dakika tatu uso ukiwa mkavu, bila neno wala tabasamu. Mtoto alijaribu kumrudisha mama yake. Aliposhindwa, aligeukia pembeni kama aliyekata tamaa. Hakuchapwa wala kunyimwa maziwa. Alinyimwa uso tu.

Sasa angalia baraka ya makuhani: uso wa Bwana umetajwa mara mbili. Mungu anajua kwamba mtu hujengwa na uso unaomwangalia.

Najua maisha yetu hapa Soweto West. Unatoka saa 11 alfajiri kufuata kibarua Industrial Area, mtoto unamwacha kwa mama anayelea wengine wengi kwenye chumba kimoja, na usiku unarudi umechoka kabisa. Somo hili si la kukuhukumu. Tronick aliona pia kwamba hata mama na mtoto wanaopendana hupishana mara nyingi. Kinachomjenga mtoto ni mzazi kurudi na kurekebisha. Hapo anajifunza kwamba hasira huisha, na kwamba akiita ataitikiwa.

Mimi nilisomea biashara, na mtaji wa hii kazi ni mdogo sana. Wiki hii tufanye hivi:

1. Ukifika nyumbani, kabla ya kuwasha jiko, chuchumaa, mwangalie mtoto, mwite jina.
2. Akikuonyesha kitu, mjibu. Hata akisema "ba" tu, nawe mwambie "ba!"
3. Ukimfokea bure, rudi umwombe msamaha.
4. Mama anayekulelea mtoto mlipe kwa wakati, na umuulize: leo alichekeshwa na nini?

Mimi nilimfuata kijana wangu mlangoni, nikaomba kuona kile kifuniko. Alinitazama kwanza, kisha akanipa.

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni nani nyumbani kwako ameacha kukuita?

Maombi: Bwana, tuangazie uso wako, nasi tuwaangazie watoto wetu. Amina.