Dondoo muhimu: Andiko la kuomba mkopo wa halmashauri

Nchini Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Waombaji ni wengi. Andiko la kikundi chenu lazima lishawishi.

Anzeni na tatizo: nani anakosa nini, wapi. Kisha hesabu: bei ya mashine mnayotaka kununua, wateja mlio nao, marejesho ya kila mwezi yatatoka wapi. Hapa ndipo maandiko mengi huanguka, kwa sababu “tutainua uchumi” si hoja. Jibuni pingamizi kabla afisa maendeleo ya jamii hajaliuliza: bei ya bidhaa zenu ikishuka, mtalipaje?

Lisomeni andiko kikundi kizima, kila mwanachama aweze kulitetea.