Mlinzi wa Mgonjwa: Kazi Yake na Mtu Anayefaa

Munganga humwona mgonjwa asubuhi, pengine dakika tano, pengine kumi kama ugonjwa ni mzito. Mwuguzi hupita na dawa kwa saa zake, lakini ana vitanda vingine vingi vya kutazama. Hesabu wewe mwenyewe. Siku ina saa 24. Saa zile zinazobaki, mgonjwa yuko katika mikono ya nani? Yuko katika mikono ya mlinzi wake, yule ambaye watu wengi humwita kwa Kifaransa garde-malade. Katika hospitali nyingi za Kongo ndiye anayepika, anayefua, anayemwosha mgonjwa na kumpeleka choo. Na mgonjwa akirudi nyumbani kama hajaweza kutembea, kazi ile ile inamfuata huko, wala hakuna mwuguzi wa kuita usiku.

Basi usifikiri kwamba mlinzi ni mtu wa kukaa tu kando ya kitanda na kungoja. Mgonjwa anaweza kupasuliwa vizuri, akapata dawa ya kweli, kisha akafa kwa kidonda kilichoanza mgongoni kwa sababu hakuna mtu aliyemgeuza. Kidonda kile kingeweza kuzuiwa pasipo feza.

Nani anafaa?

Mara nyingi jamaa huchagua namna hii: wanatazama nani hana kazi, kisha wanamwondoa msichana wa miaka kumi na miwili shuleni na kumtuma hospitali. Haifai. Mtoto hana nguvu ya kumwinua mtu mzima. Tena hawezi kumwambia mjomba wake, "Hapana, munganga amekataza pombe." Jamaa wengine hupokezana kila siku: leo shangazi, kesho shemeji, kesho kutwa jirani. Yule wa leo hajui mambo ya jana. Afadhali kuchagua watu wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, kila siku wale wale, nao wapashane habari wakati wa kuachiana kazi.

Mtu anayefaa ni mtu mzima mwenye afya. Asiwe na kikohozi wala vidonda mikononi, asiwe mlevi. Si lazima awe na diploma. Kujua kusoma kunasaidia, lakini mama asiyejua kusoma na mwenye macho mepesi ni bora kuliko kijana aliyemaliza masomo anayetazama simu usiku kucha. Awe mtu asiyechukizwa upesi na uchafu. Akikunja uso wakati wa kubadilisha nguo zilizochafuka, mgonjwa ataona, na kesho atajizuia asiombe choo, na atakataa kunywa maji ili asikojoe. Awe msema kweli hata kama kweli inamwaibisha: kama alisinzia na saa ya dawa ikapita, aseme. Na awe mtu wa kufunga kinywa. Mambo ya mwili wa mgonjwa si habari za kisimani.

Fikirini tena juu ya heshima. Katika makabila yetu mengi mke wa mwana hawezi kuona uchi wa baba mkwe wake. Kama yeye ndiye mlinzi wa pekee, ataosha uso na miguu na kuacha mafasi mengine, na hapo ndipo ngozi inapooza. Ulizaneni jambo hili mbele ya kuchagua, msilitambue siku ya tatu.

Jamaa nyingine, zaidi mijini, humlipa mtu kwa kazi hii. Si vibaya. Lakini mapatano yafanyike mbele ya mashahidi: mshahara kiasi gani, atakula nini, atalala saa ngapi, siku gani atapumzika. Mtu asiyelala hawezi kulinda.

Mikono yako

Osha mikono kwa sabuni mbele ya kumgusa mgonjwa na nyuma ya kumgusa, mbele ya kupika na nyuma ya choo. Kunawa kwa kweli huchukua karibu dakika moja: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, chini ya kucha. Kucha ziwe fupi. Kwa damu, matapiko, mavi ao usaha, omba glavu. Glavu moja isitumike kwa wagonjwa wawili, na ukiisha kuvua glavu unawe tena.

Watu wa Kongo wanajua kwa nini tunasema hivi. Katika mwaka 1976 Ebola ilijulikana mara ya kwanza, na Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu, ilikuwa mojawapo ya mahali ilipoua watu. Kutoka mwaka 2018 hata 2020 ilishika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na watu zaidi ya 2.200 walikufa. Wengi waliambukizwa walipomtunza ndugu, ao katika vituo vya afya, ao walipoosha maiti. Walikuwa watu wa upendo, na ugonjwa uliingia kwa njia ya upendo huo. Basi kama kuna habari ya Ebola katika jimbo lenu, na mtu wa nyumbani ana homa pamoja na kutapika, kuhara ao kutoka damu, usimguse. Ita watu wa afya. Kumwita mwenye mavazi ya kujikinga si kumtupa ndugu yako.

Kumgeuza na kumwosha

Sasa tunakuja kwa kazi kubwa kupita zote, nayo ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Kwa nini mtu aliyelala sana hupata kidonda? Mfupa unasukuma chini, kitanda kinasukuma juu, na nyama iliyo katikati inabanwa. Damu haipiti. Nyama isiyopata damu hufa, kama mmea usiopata maji. Wewe na mimi tukilala tunajigeuza pasipo kujua. Mtu aliyepooza, ao aliyezimia, ao mwenye mguu uliovunjika, hawezi. Lazima wewe uwe mwili wake.

Mgeuze kila saa mbili, mchana na usiku, ila kama munganga amesema mwingine. Ubavu wa kuume, mgongo, ubavu wa kushoto. Usimlaze juu ya mfupa wa nyonga kabisa. Mwegemeze tu, na weka kikwembe kilichokunjwa nyuma ya mgongo wake asirudi. Weka kingine katikati ya magoti, na kingine chini ya miguu ili visigino visiguse kitanda. Usimburute kwa shuka, maana ngozi dhaifu inachanika. Mwinueni watu wawili. Duara la nguo ao la mpira chini ya matako halifai, ijapokuwa watu wanalipenda: linazuia damu kuzunguka pande zote.

Kila mara unapomgeuza, tazama mafasi haya: kisogo, mabega, viwiko, mfupa wa chini ya mgongo, nyonga, vifundo na visigino. Vitabu vya Wazungu husema, "Tafuta wekundu." Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipo peusi zaidi ao panapong'aa, kisha gusa kwa mgongo wa vidole. Pakiwa na joto kupita ngozi ya kando, ao pagumu, ao mgonjwa akisema panauma, hapo kidonda kinaanza ndani ijapokuwa ngozi haijapasuka. Usipasugue wala kupachua kwa mafuta. Usimlaze tena upande ule, na mwambie mwuguzi siku ile ile.

Kumwosha ni kila siku. Mwambie kwanza unalotaka kufanya, hata kama hawezi kujibu. Mara nyingi mtu asiyejibu anasikia. Funga mlango, mfunike kikwembe, na funua sehemu moja tu unayoiosha. Pima joto la maji kwa kiwiko chako. Anza na uso, malizia na sehemu za siri, na badilisha maji mbele ya kufika huko. Kwa mwanamke, osha kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha vizuri katikati ya vidole, chini ya maziwa na katika makunjo, kwa kugandamiza kitambaa, si kwa kusugua. Usisahau kinywa. Kinywa kichafu huondoa hamu ya kula.

Aliyepooza upande mmoja ana sheria zake. Ukimvika shati, anza na mkono uliopooza. Ukimvua, mkono huo uwe wa mwisho. Usimvute kamwe kwa mkono ule ili kumwinua, kwa maana bega litateguka naye hatakuwa na nguvu ya kulishikilia. Wewe mwenyewe, kunja magoti wala usikunje mgongo. Tumeona walinzi wenye afya waliogeuka kuwa wagonjwa wa mgongo.

Chakula, maji na dawa

Mwinue akae mbele ya kumlisha. Usimlishe aliyelala chali wala aliyesinzia. Kijiko kidogo, ngoja ameze, kisha kingine. Kwa aliyepooza, weka chakula upande mzima wa kinywa, na mwisho tazama ndani ya shavu kama bugali na sombe havikubaki pale. Akikohoa kila mara anapokunywa, acha, umwambie mwuguzi: maji yanakwenda njia ya mapafu. Akiisha kula, akae nusu saa. Aliyezimia asipewe kitu kinywani, hata tone la maji.

Mtu akihara, anakufa kwa kukauka. Kama huna pakiti ya ORS, tengeneza hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visiwe vya mlima, vilinganishwe sawasawa. Chupa kubwa ya bia haijai lita moja. Usipimie kwa hiyo. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa mtoto zaidi.

Juu ya dawa tunasema machache. Mpe ile iliyoandikwa, kwa kiasi na saa iliyoandikwa. Usiongeze ya sokoni. Usimgawie jirani wa kitanda cha pili. Usimtie mgonjwa dhaifu dawa za majani kwa nyuma. Wengi wamekufa hivyo. Sindano si kazi yako. Mwenye kifua kikuu kwa kawaida hunywa dawa miezi sita, nawe ndiwe utakayemkumbusha mwezi wa pili anapojiona amepona. Mkojo wake ukiwa mwekundu kama machungwa, usiogope. Ni rangi ya dawa mojawapo. Fungua madirisha ya chumba chake.

Kupasha habari

Munganga anauliza, "Alilala namna gani?" Mlinzi anajibu, "Vizuri tu." Jibu hili halisaidii kitu. Sikia jibu la mlinzi anayejua kazi: "Tangu jua kuzama alikunywa vikombe viwili vya uji. Alikojoa mara moja tu, mkojo mweusi kama chai. Saa nane ya usiku alitetemeka, kisha jasho. Asubuhi hakunijua jina." Kwa maneno haya munganga anaweza kuchagua dawa.

Uwe na daftari. Kama hujui kuandika, chukua makopo mawili: tia jiwe dogo katika la kwanza kila anapomaliza kikombe, na katika la pili kila anapokojoa. Asubuhi mwuguzi atahesabu mawe.

Mambo mengine hayangoji asubuhi. Ita upesi kama anapumua kwa taabu, kama anatoka damu, kama anashikwa na degedege, kama haamki ao anasema maneno ya kupotea, kama hakukojoa tangu asubuhi hata jioni, kama mkono ao uso umelegea upande mmoja gafula. Usione haya kumwamsha mwuguzi. Akinuna, akinune, wewe umefanya kazi yako.

Na wewe kula. Lala saa zako. Mlinzi anayelia peke yake nyuma ya jiko la hospitali, ao anayeanza kumkaripia mgonjwa, amechoka kupita kiasi, naye abadilishwe wiki moja pasipo kumhukumu.

Maulizo

1. Mama yako amelala chali tangu saa kumi na mbili ya asubuhi, na sasa ni saa tano. Utafanya nini kwanza, na utatazama mafasi gani ya mwili wake?

2. Ndugu zako wanataka kumtuma mtoto wa darasa la sita amlinde babu yake. Wajibu.

3. Mgonjwa aliyepooza mkono wa kushoto anataka kuvaa shati. Utaanza na mkono gani?

4. Leo usiku andika ao hesabu yote anayokunywa mtu mmoja wa nyumba yako, hata kama ni mzima. Kesho uyalete katika somo.